Fundi Aliyesoma Vigeu kwa Sauti

Zamani kitu hakikutoka kwenye chumba cha kazi mpaka watu wawili wamekisoma, mmoja kwa mdomo na mwenzake kwa jicho; siku hizi kinatolewa na kidole kimoja, na mwenye kidole anatazama kwingine.

Mzee Nukta aliyajua ya zamani kwa kuwa ndiyo yaliyomlisha. Alikuwa msoma prufu katika kiwanda cha uchapaji. Kazi hiyo ilifanywa na watu wawili waliotazamana mezani. Mmoja alisoma karatasi ya mwandishi kwa sauti, pamoja na kila mkato na kila nukta, na mwenzake alifuata kwa rula juu ya karatasi iliyotoka mashineni, wino ukiwa bado mbichi. Wasipokubaliana walisimama, wakasahihisha, wakaanza sentensi upya. Mzee hakupata shule ya maana. Historia ya dunia, sheria za ardhi, dawa ya kuku na namna ya kuandika barua kwa mkubwa, yote aliyapata pale mezani, kwa kusoma kazi za wenzake neno kwa neno.

Kisha zikaja mashine zinazojisahihisha, au zinazodai hivyo. Meza ikauzwa, mwenzake akafariki, naye akarudi kukaa kwa dada yake na mdomo usio na kazi. Akaanza kusoma kwa sauti vibandiko vya chupa na maelezo ya pakiti.

"Kaka," dada yake alimwambia, "hiyo sabuni tunaijua. Tuache tuoge."

Aliyemtoa katika hali hiyo ni mpwa wake, binti wa dada huyohuyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi. Jina hilo alilipata kibandani alikokuwa akitengeneza simu. Alipofungua simu alizipanga skrubu juu ya kitambaa kwa mpangilio uleule zilivyotoka, na hakuitikia salamu ya mtu mpaka skrubu ya mwisho irudi mahali pake. Walisema ana maringo. Baada ya kuitikia alikupa simu yako, nawe hukurudi tena kwa tatizo lilelile. Jioni alikwenda chuo cha kompyuta, miaka mingi, huku watoto wa wenzake wakizaliwa na kuanza shule, na mama yake akiuliza kama kompyuta nazo huposa.

Alipohitimu, aliungana na mwenzake mmoja aliyetoka chuo kikuu, kijana hodari mwenye miguu isiyotulia, aliyepewa jina la Chapchap kwa sababu ndilo neno alilolisema kuliko yote. Wakapanga chumba juu ya duka la magodoro. Ngazi ilikuwa ya chuma, ikilia kila mtu alipopanda. Dirisha lilitazama ua ambako magodoro yalisimamishwa yakiegemea ukuta kama watu waliochoka kungoja. Ndani kulikuwa na meza mbili, feni moja, na mashine kuukuu ya majaribio iliyokaa chini ya meza, mahali ambapo ukitaka kuigusa sharti upige magoti. Fundi alisema hilo ni jema, kwani mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Walichotengeneza ni kiendelezi, yaani programu ndogo inayopachikwa ndani ya kivinjari ili kivinjari kifanye jambo ambalo peke yake hakiliwezi. Chao walikiita Msomaji. Mtu asiyeona alifungua ukurasa wowote wa mtandao, na Msomaji akaupeleka kwa seva, yaani kompyuta kubwa inayohudumia nyingine kwa mbali, nayo ikaugeuza kuwa sauti, sauti ikarudi masikioni mwake. Shule za wasioona zilikipenda. Mwalimu wa shule mojawapo, ambaye naye hakuona tangu utotoni, ndiye aliyekuwa akikijaribu kila kilipobadilishwa, na hakuwa mtu wa kupamba maneno. Safari moja alipiga simu kusema, "Fundi, Msomaji wenu leo anaongea kama mtu aliyemeza kijiko."

Sasa, Mzee aliingiaje humo? Aliingia kwa herufi moja. Fundi alinakili anwani ya seva akaacha herufi moja nyuma, na kwa siku nyingi alitafuta kosa kila mahali isipokuwa pale lilipokuwa. Alipoligundua hakucheka wala hakulia. Alikwenda nyumbani, akamkuta mjomba wake akisomea ukuta maelezo ya dawa ya mbu.

"Mjomba, njoo unisomee."

"Nikusomee nini? Mimi kompyuta naijua kwa kuipita njiani tu."

"Kompyuta utaniachia mimi. Nataka mdomo wako na rula yako."

Alimweleza jambo lenyewe kwa namna ambayo Mzee hakuwahi kuisahau. Programu, alisema, ni kama mgeni aliyeshushwa stendi. Haijui mji. Lazima iulize: seva iko wapi? Niko kwenye majaribio au kwenye kazi ya kweli? Niongee lugha gani? Majibu ya maswali hayo huwekwa nje yake, katika mazingira inamofanyia kazi, na ndiyo maana huitwa vigeu vya mazingira, kwa kuwa hugeuka kutoka mahali hadi mahali ilhali programu ni ileile.

"Basi vizuri," alisema Mzee. "Ikikosea njia itauliza tena."

"Programu nyingine, ndiyo. Kiendelezi, hapana. Kiendelezi kinauliza mara moja tu, siku ya kujengwa. Kikishapachikwa kwenye kivinjari cha mtu, hakina wa kumuuliza. Kwa hiyo zana ya kujengea inachukua majibu na kuyashonea ndani kabisa. Ukikipa jibu baya siku hiyo, kitazunguka nalo nchi nzima."

Mzee akalielewa hilo kuliko alivyotarajia. Ukurasa ukishachapwa, umechapwa.

Ndipo ikaanza desturi ya chumba kile. Kila mara kabla ya kujenga, Mzee alikaa upande mmoja wa meza na karatasi yenye thamani sahihi za vigeu, Fundi upande wa pili akitazama faili la mazingira kwenye skrini. Mzee alisoma kama alivyosoma kiwandani: herufi ndogo, herufi kubwa, nukta, mkwaju, yaani ule mstari wa mshazari, mkwaju tena, sifuri si herufi. Fundi aliitikia "ndiyo" kwa kila kipande. Wakimaliza, alifunga dirisha jeusi la kuandikia amri, akafungua jingine jipya, ndipo akaamuru ujenzi. Alisema dirisha la amri lina kinyongo: ulicholiambia asubuhi linakishika mpaka ulifunge, na zana ya kujengea huliamini dirisha kuliko faili. Kwa hiyo dirisha jipya kwanza, kama mtu anavyonawa kabla ya kula.

Chapchap alikosa raha na mambo hayo. Alizungukazunguka nyuma yao akijipigapiga paja.

"Mzee, watu wameshafika mwezini, sisi bado tuko kwenye mkwaju."

"Waliofika walisoma kwanza," alijibu Mzee bila kuinua kichwa. "Ambao hawakusoma wako huko juu wanazunguka mpaka leo."

"Jungu kuu halikosi ukoko, sawa. Lakini nani anakula ukoko siku hizi?"

"Mwenye njaa. Nukta. Herufi ndogo. Endelea, mwanangu, maneno ya huyu ni upepo tu."

Msidhani Chapchap alikuwa mjinga. Alijua mengi na aliyafanya upesi, na nusu ya Msomaji ilikuwa kazi ya mikono yake. Ila alikuwa mtu wa kizazi chake, na kizazi hicho kikiona ngazi kinatafuta namna ya kuruka. Siku moja alitaka ufunguo wa siri wa seva uwekwe miongoni mwa vigeu vinavyoshonewa ndani ya kiendelezi, ili kazi iishe mapema.

"Haishonwi siri kwenye nguo ya kuuza," Fundi alimwambia.

"Nani ataifumua?"

"Yeyote mwenye mkasi. Kiendelezi kikitoka kimekuwa cha watu, na kila mtu anaweza kukifungua akasoma kilichomo."

"Tutakificha."

"Utakificha wapi, kaka? Ndani ya kitu unachomkabidhi yule unayemficha?"

Chapchap akacheka, akakubali. Fundi akatumia siku hizo kutengeneza njia ndefu iliyo salama, ufunguo ukabaki kwenye seva, na hakumkumbusha mwenzake jambo hilo hata mara moja. Mzee aliliona hilo zaidi ya ushindi wenyewe. Watu wa kushinda mabishano wapo tele. Wa kushinda na kunyamaza wamepungua.

Lakini Chapchap hakuacha kulisema lake: kusoma kwa sauti kumepitwa na wakati, na siku kosa litakapopita mbele ya macho ya wawili hao, basi desturi ife na kazi iachiwe amri ya kompyuta. Alilisema kwa utani, akalirudia bila utani. Mzee alisikia. Kiti kile upande wa pili wa meza kilikuwa ndicho kitu pekee duniani kilichomngoja asubuhi. Kikiondolewa, kilichobaki ni pakiti za sabuni.

Ikafika siku ya toleo lililosubiriwa kuliko yote. Mwalimu alikuwa ameomba Msomaji asome majedwali na maswali ya kuchagua jibu, kwa kuwa wanafunzi wake walikaribia mtihani wa kumaliza shule na mazoezi yao yote yalikuwa mtandaoni. Asubuhi Fundi alifanya jaribio dogo. Akaandika kwa mkono, katika dirisha la amri, anwani ya ile mashine ya majaribio ya chini ya meza. Jaribio likafaulu. Mchana Mzee akafungua karatasi yake.

Chapchap alisimama mlangoni, mkono mmoja juu ya kizingiti. "Haya, wasomaji wetu. Nishuke nikalale kwenye godoro kwanza, au leo mtamaliza kabla mvi hazijaniota?"

Mzee akaona atamwonyesha. Akasoma siku hiyo kwa kasi ambayo hata kiwandani hakuwahi kuifikia, bila kukosea hata nukta, na Fundi akaitikia kwa kasi ileile. Kila kitu kililingana. Walipomaliza, mkono wa Fundi ulikwenda kufunga dirisha la amri.

"Acha hayo madirisha, mwanangu," alisema Mzee, jicho lake likiwa kwa Chapchap. "Tumeshasoma. Jenga!"

Mkono ukasita. Mtu aliyekulia mikononi mwa mjomba hamwambii mjomba "ngoja" mbele ya mtu anayemcheka. Fundi akajenga. Chapchap akapiga makofi. Kiendelezi kikapelekwa kwenye duka la viendelezi, kikakaguliwa kwa siku kadhaa, kikaruhusiwa, kikaenda kwa watu.

Nacho kilifanya kazi vizuri sana. Hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Mashine ya majaribio ilikuwa na anwani yake ili Mwalimu aifikie akiwa shuleni, kwa hiyo iliitikia kila aliyebisha, na hakuna aliyejua anabisha mlango gani. Kisha jioni ya siku hiyohiyo kilipowafikia watu, bawabu wa jengo akapanda ngazi kama kawaida yake, akazima swichi kubwa ya chumba, akashuka.

Asubuhi simu ilikuwa ikilia kabla Fundi hajaweka begi chini. Alikuwa Mwalimu.

"Fundi, Msomaji alikuwa bubu tangu jana jioni. Watoto wamekaa na vipokea sauti masikioni kama wanasikiliza shamba. Sasa hivi amefunguka tena. Mmemlisha nini?"

Fundi alimtazama bawabu, aliyekuwa ametoka tu kuwasha swichi. Akamtazama Mzee. Akapiga magoti chini ya meza, akaona taa ya mashine ya majaribio ikimetameta kwa pupa, kama mtu mwenye kazi nyingi. Alikwenda kwenye skrini, akalifungua lile furushi lililojengwa, akapekua ndani, na pale palipotakiwa kuwa na anwani ya seva ya kweli palikuwa na namba tupu: namba za laini ya mtandao ya chumba kile walimokaa.

"Karatasi ilisomwa?" Chapchap aliuliza.

"Ilisomwa."

"Faili je?"

"Faili liko sahihi. Halikuulizwa." Akaonyesha dirisha jeusi, ambalo lilikuwa bado wazi kwenye kompyuta yake ya mkononi tangu siku ya kujenga. "Hili ndilo lililoulizwa."

Chapchap akaketi. Kwa mara ya kwanza hakuwa na haraka. "Kwa hiyo Mzee anasoma, mpaka wauza magodoro wanasikia, halafu mashine inakwenda kusikiliza dirisha. Dada, nilisema. Na wewe hufungi dirisha? Wewe? Umesahau?"

"Nilisahau," alisema Fundi.

"Hakusahau," alisema Mzee. Sauti yake ilitoka ndogo, si ile ya kusomea. "Mkono wake ulikuwa njiani. Ni mimi niliyemwambia aache."

"Mjomba, kidole kilichobonyeza ni changu. Nisingetaka nisingebonyeza." Akageuka kabla yeyote hajapata nafasi ya kuongeza. "Ya nani alisema nini tutayazungumza watoto wakishasoma. Sasa hivi kuna kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Toleo jipya lilijengwa asubuhi ileile, safari hii katika dirisha lililofunguliwa mbele ya macho ya wote watatu, likapelekwa dukani. Lakini ukaguzi wa duka ulichukua siku kadhaa, na hakuna wa kumbembeleza. Anwani iliyoshonwa haikuweza kubadilishwa kwa mbali. Kila msomaji asiyeona, popote alipokuwa, aliujua mlango mmoja tu, na mlango huo ulikuwa chini ya meza yao. Fundi akaifundisha mashine ile ndogo kuwa tarishi, ipokee kila ombi na kulikimbiza kwenye seva ya kweli. Ilibaki jambo moja: isizimike.

Chapchap akapendekeza wawaandikie watumiaji kwamba kuna matengenezo ya kawaida.

"Matengenezo gani?" alisema Fundi. "Wale hawaoni. Kusikia wanasikia."

Akashika simu, akaanza na Mwalimu, kisha shule moja baada ya nyingine. Maneno yalikuwa yaleyale. Kosa ni letu. Tumeshonea ndani anwani ya mashine ya majaribio. Itawahudumia polepole mpaka toleo jipya litoke. Ikinyamaza, nipigieni mimi. Mzee alikaa akisikiliza, na alingoja sauti yake itetemeke au itafute mtu wa kumsukumia. Haikutafuta. Kiwandani aliwajua mabwana wakubwa waliochapa samahani ya mistari miwili chini ya tangazo la viatu.

Mwalimu peke yake ndiye aliyemhoji. "Kwa hiyo wanafunzi wangu wote wanasomewa na kompyuta iliyo chini ya miguu yako?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi usiipige teke."

Bawabu aliambiwa asiguse swichi. Aliahidi, lakini mazoea ya mkono hayana ahadi, na umeme wa mtaa ule nao ulikuwa na tabia zake. Kwa hiyo Fundi alihamia chumbani. Muuza magodoro alimwazima godoro kwa sharti kwamba asilivue nailoni, na betri kubwa ya gari lake kwa sharti kwamba amrudishie ikiwa na uhai. Kila asubuhi Mzee alipanda ngazi na chakula kutoka kwa dada yake, na kila asubuhi alimkuta Fundi ameketi sakafuni, jasho likimtiririka, feni pekee ya chumba ikiwa imeelekezwa kwenye mashine.

"Umelala?"

"Nimelala. Godoro ndilo halikulala. Nikigeuka linapiga kelele kama mfuko wa karanga."

"Mama yako anasema urudi nyumbani uoge."

"Mwambie sabuni naijua."

Alicheka, akala kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa juu ya mashine kuona kama imechemka. Mzee alitaka kuomba radhi. Alikuwa ameitunga usiku kucha, sentensi ndefu yenye mikato yote. Lakini kila alipofungua kinywa, Fundi alimwuliza kama chakula kimebaki au kama dawa ya mama imenunuliwa, na mwishowe akaelewa kwamba hakunyimwa nafasi kwa bahati mbaya. Alikuwa ameshasamehewa, na asiyetaka kusikia samahani ni kwa kuwa hataki unyenyekee kwake.

Umeme ulipokatika mchana mmoja, Mzee alidhani yamekwisha. Aliyepanda ngazi mbiombio na betri ya pili begani, shati limelowa, alikuwa Chapchap. Hakusema chapchap wala neno lolote. Alipiga magoti, akaunganisha nyaya, akabaki hapo sakafuni na mwenzake mpaka umeme uliporudi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini koleo likivunjika ndipo unajua nani mhunzi na nani alikuja kuota moto. Wote wawili walikuwa wahunzi, na Mzee, ingawa haikumpendeza, alikiri hivyo moyoni.

Toleo jipya likaruhusiwa. Vivinjari vya watu vikaanza kulichukua, kimoja kimoja, na mashine ya chini ya meza ikazidi kupumua. Ilifika siku ambapo aliyebaki kubisha mlango ule ni mtu mmoja tu, ambaye bila shaka hakuwa na desturi ya kuzima na kuwasha kivinjari chake.

"Dada, sasa zima ukalale kwenu," alisema Chapchap. "Ni mtu mmoja."

"Na anasoma."

Wakamngoja. Mtu yule alisoma alichokuwa akisoma, wala hawakujua ni nani wala ni nini, na alipohamia toleo jipya Fundi alishuka kumrudishia muuza magodoro godoro lake, nailoni ikiwa nzima.

Baada ya hapo ndipo walipokaa kuzungumza yale waliyoyaahirisha. Chapchap alisema lake, kwa upole kuliko zamani: kosa limepita mbele ya wasomaji wawili, basi desturi imeshindwa. Mzee hakujitetea. Alishika kofia mapajani akingoja hukumu.

"Hatukusoma vibaya," alisema Fundi. "Tulisoma kilichoingia. Tulitakiwa kusoma kilichotoka. Mjomba, kiwandani mlikuwa mkikagua karatasi ya mwandishi?"

"Tulikagua iliyotoka mashineni," alisema Mzee polepole. "Ya mwandishi ilikuwa ya kulinganishia."

"Basi tumefanya kinyume, mimi na wewe. Nilikuleta kwa ufundi wako nikakukalisha upande usio wako."

Tangu siku hiyo mpangilio ulibadilika. Fundi aliandika amri iliyovua mazingira yote kabla ya kujenga, programu ikaanza kazi uchi kama mtoto aliyeogeshwa, ikivaa vigeu vile tu ilivyokabidhiwa. Kilichojengwa kilifunguliwa, na thamani zilizoshonwa ndani ndizo zilizosomwa dhidi ya karatasi, kwa sauti, mpaka mwisho. Chapchap mwenyewe alikaa kushika rula siku Fundi alipokuwa na homa. Alisoma vibaya, akaruka mkwaju, Mzee akamrudisha mwanzo wa mstari kwa furaha kubwa.

Ila Fundi hakumficha kitu. "Mjomba, nakwambia mapema. Hii amri siku moja itajua kulinganisha yenyewe. Ninaifundisha mimi mwenyewe, jioni, na ikiweza nitaiacha ifanye, kwa sababu haichoki wala haisikii aibu ya watu."

"Na mimi?"

"Wewe siku hiyo utakuwa umemaliza."

Mtu mwingine angezungusha maneno. Mzee alikasirika, akala akiwa amempa kisogo, na dada yake akadhani wamegombana.

Siku ilifika. Msomaji alipendwa, kazi ikaongezeka, wakapata ofisi katika jengo kubwa la vioo upande wa pili wa mji, lenye lifti na mlango unaofunguka bila kuguswa. Huko, kila ujenzi ungekaguliwa na amri ya Fundi, nayo ilikuwa imekwisha kulingana na usomaji wa Mzee mara nyingi kiasi kwamba hata yeye aliacha kutafuta itakapokosea. Chapchap, ambaye moyo wake ulikuwa laini kuliko ulimi wake, alishauri wamchukue Mzee wamkalishe mapokezi, awe anasalimia wageni.

"Hapana," alisema Fundi, Mzee akiwa anasikia. "Mjomba wangu hakuwa pambo hapa. Alikuwa na kazi. Kazi imekwisha, na hatumpi kiti cha kuonewa huruma."

Lilimchoma. Alitembea nalo kutwa nzima, akilisoma mbele na nyuma kama sentensi yenye kosa lisiloonekana, na hakuliona kosa. Katika kiwanda kile kilichokula ujana wake, walimpa saa ya ukutani na hotuba. Hakuna aliyemwambia kwamba alikuwa na kazi.

Alikwenda kuwasaidia kuhama. Yeye ndiye aliyeitoa mashine ya majaribio chini ya meza, akaishusha ngazi ya chuma hatua kwa hatua, akamkabidhi Fundi aliyekuwa ameshakaa kiti cha mbele cha gari la mizigo pale uani, naye akaipakata. Chapchap alikuwa nyuma, katikati ya viti vilivyopinduliwa. Dereva akawasha injini.

"Ngoja," alisema Fundi. Akamrudishia Mzee mashine, akashuka, akapanda tena chumbani. Kupitia dirisha walimwona akipita ukutani, soketi moja baada ya nyingine, akizigusa zote kuona kama zimezimwa.

"Anatafuta nini huko, mbona patupu?" dereva alinung'unika.

"Mwache," alisema Chapchap kutoka nyuma. "Mwache aangalie."

Alipotelemka, Mzee akaiweka mashine kitini, naye akamshika mjomba wake mkono kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kidogo kama alivyofanya alipokuwa mdogo, akasema, "Mjomba, umsalimie mama. Mwambie nitapiga simu." Na kweli hupiga. Lakini kuwaona, hapana; kazi iliwashika huko upande wa pili wa mji, na tangu siku ile Mzee hakuwaona tena. Fundi aliipakata tena mashine, gari likaondoka, Chapchap akiinua mkono kutoka kati ya miguu ya viti mpaka lilipokata kona. Fundi hakupunga. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeishika mashine.